Bahari ya Lita 180: Kichujio Gani kwa Anayeanza Kampala?

Kampala iko kando ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na wakazi wake hawahitaji kufundishwa samaki. Ngege, mputa na mukene, ambao Mwanza huwaita sato, sangara na dagaa, wamo sokoni kila siku. Lakini anayetaka kufuga samaki wa bahari sebuleni kwake Ntinda au Muyenga atakuta ziwa lote lile halimfai kitu. Bahari iliyo karibu iko Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Maji ya chumvi itabidi ayatengeneze mwenyewe kwa dumu na mzani, na akishayatengeneza awe na namna ya kuyazuia yasioze.

Hapo ndipo swali la kichujio linapoingia, na kwa kawaida huingia kwa mlango usio wake. Watu huuliza kipi kina nguvu zaidi. Muuzaji naye hujibu kwa namba iliyo kwenye boksi: lita 1,000 kwa saa, lita 1,500 kwa saa. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na Wajerumani, Waingereza na Wamarekani, watu ambao soketi ya ukutani kwao ni mto usiokauka. Kwetu ni kijito cha msimu. Ndiyo maana hapa nimevipima vichujio kwa kipimo kingine: umeme ukikatika saa mbili usiku ukarudi alfajiri, kila chombo kitakuwa kimeyafanya nini maji yako? Ukianzia hapo, orodha ya vitabu inapinduka. Chombo kinachosifiwa sana kwa wanaoanza huangukia mkiani, na vitu viwili visivyo na waya, yaani mawe na mikono yako, hupanda juu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Samaki hujisaidia ndani ya maji yaleyale anayoyapumua. Taka yake kubwa ni amonia, na nyingi hutokea kwenye mashavu. Katika maji baridi yenye pH 7, karibu amonia yote hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa; ile iliyo sumu haifiki hata asilimia 1. Katika maji ya bahari yenye pH 8.2, sehemu iliyo sumu hukaribia asilimia 7 kwa joto lilelile. Kwa hiyo uchafu ambao goldifishi wa jirani yako anauvumilia wiki nzima unaweza kumuua samaki wa bahari usiku mmoja. Dawa yake ni bakteria: kundi moja hula amonia na kuacha nitriti, kundi jingine hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili. Bakteria hawa hawaelei. Hujishikiza kwenye jiwe, mchanga, sponji, chochote kilicholowa, na wanataka chakula na oksijeni mfululizo. Neno hilo, mfululizo, ndilo lenye taabu Kampala.

Kazi nyingine mbili ni ndogo zaidi: kunasa chembe zinazoonekana, na kuondoa mabaki yaliyoyeyuka ambayo polepole huyapa maji rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa.

Kabla ya yote hayo kuna kichujio ambacho wauzaji husahau kukitaja kwa kuwa hakikai tangini. Ni kile cha kusafisha maji kabla hujayatia chumvi. Maji ya bomba ya Kampala hutoka ziwani na husafishwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka kwenye mitambo ya Ggaba, na siku hizi pia Katosi kule Mukono. Maji ya Ziwa Victoria ni mepesi, yana madini machache, na hiyo ni bahati yetu. Ila Ggaba huvuta kutoka Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo humwaga majitaka ya jiji, kwa hiyo rutuba ndani ya ghuba ni nyingi na mwani hustawi. Tena ili yanyweke bila hofu, maji hutiwa klorini. Klorini hiyohiyo inayomkinga mtoto wako na kipindupindu huwaua bakteria unaowalea kwenye mawe. Kuiondoa si kazi: matone machache ya thiosulfati ya sodiamu, au dumu lililo wazi na pampu ya hewa ikipuliza ndani yake siku nzima.

Mtambo wa osmosisi, ule unaosukuma maji yapenye utando mwembamba mno, huondoa karibu kila kitu. Wenye viwanda vya maji ya chupa wanao. Wa nyumbani una matatizo mawili ambayo maelezo ya boksi hayayasemi kwa sauti. Utando unataka msukumo wa baa tatu hivi, na nyumba nyingi hapa hupata maji kutoka tangi lililo juu ya paa. Kimo cha mita tano kinakupa nusu baa tu, kwa hiyo bila pampu ya kuongeza msukumo utakaa ukihesabu matone. La pili, kwa kila lita safi unayopata, lita tatu au nne hutoka upande wa pili. Si maji machafu, yafulie nguo. Maoni yangu ni haya: kama unataka samaki peke yao, maji ya bomba yaliyotolewa klorini na kupitishwa kwenye kaboni yanatosha kuanzia. Ukiota matumbawe, nunua osmosisi kabla hujanunua taa.

Maji ya mvua ni ya bure na Kampala ina misimu miwili ya mvua, lakini angalia paa lako. Mabati yamepakwa zinki, na zinki, sawa na shaba, huua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Mwenye paa la vigae vya Kajjansi ana afadhali, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi.

Chumvi nayo ina vishawishi vyake vya kienyeji. Hakosekani mtu wa kusema, “Si tuna Katwe?” Ziwa Katwe, kule Kasese, limechimbwa chumvi tangu enzi za mababu, na bado wapo wanaume na wanawake wanaosimama ndani ya maji yake kuitoa. Lakini yale ni maji ya shimo la volkano: yamejaa magadi na salfati, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa haba. Ni makali kiasi kwamba kiwanda kilichojengwa kando yake kilishindwa, mabomba yakaliwa na kutu. Hata chumvi ya mezani tunayoletewa kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, iliyotoka bahari ileile tunayoitaka, haifai. Maji ya bahari yanapokaushwa juani, chumvi ya kula huganda mapema, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Lita moja ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi zote, na ndani yake miligramu 1,300 za magnesiamu na zaidi ya 400 za kalsiamu. Kwa hiyo utanunua mchanganyiko maalumu uliotengenezwa kwa akwariamu. Tangi la lita 180 litakula karibu kilo 7 mara ya kwanza, kisha kidogo kila unapobadilisha maji. Wala hatukuwa wa kwanza kukaa mbali na pwani: Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Gosse akachapisha namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa mkono.

Sasa vichujio vyenyewe, tukianza na kile cha mkiani.

Kichujio cha mtungi ni chombo kizuri machoni. Hukaa kabatini, hakina kelele, mabomba mawili tu huonekana. Ndani yake kuna sponji na vipande vya kauri vyenye vinyweleo, nyumba ya mamilioni ya bakteria. Tatizo ni kwamba mtungi umefungwa pasipo hewa. Maji yakipita, bakteria wanapumua; pampu ikisimama, humaliza oksijeni iliyomo kwa muda mfupi, wanaanza kufa, na uchafu ulionaswa pale huanza kuoza. Nilijifunza hilo kwa pua. Umeme ulikatika jioni moja ukarudi baada ya muda wa saa tisa, mimi nimelala, na pampu ikaanza kazi yenyewe bila kuniuliza. Asubuhi samaki wawili walikuwa wamesimama juu kabisa ya maji wakihema kwa midomo wazi. Nilipofungua koki za mtungi na kuinua kifuniko, harufu ya yai viza ilijaa hadi jikoni. Sponji, ambayo siku zote ilikuwa na rangi ya udongo, ilikuwa imegeuka nyeusi kama lami. Yale maji ya mtungini yalikuwa yamesukumwa yote tangini kwa mkupuo mmoja.

Anayeupenda mtungi hata hivyo na awe na desturi hii: umeme ukikatika zaidi ya saa moja au mbili, uchomoe kwenye soketi. Usiuwashe tena kabla hujamwaga maji yake na kusuuza sponji kwa maji ya tangi, si ya bomba. Ni desturi ngumu kwa mtu aliye kazini Nakasero huku tangi liko Kira.

Kichujio cha kuning'inia ukingoni ni rahisi na wazi zaidi, hakiozi upesi, lakini kina ugonjwa wake. Baadhi ya vichujio hivi, maji ya tangi yakishapungua kwa kuvukizwa na pampu ikasimama, haviwezi kuvuta tena umeme unaporudi. Mota hunguruma kavu mpaka iungue. Kile cha kuwekwa chini ya changarawe, kilichotawala miaka ya nyuma, sikipendekezi: uchafu hujificha chini usikouona, na maji yakisimama ndiko uozo unakoanzia.

Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ndiyo maskini wa ukoo huu, na wauzaji huiona aibu. Mimi naipenda. Pampu yake hula wati 3 hadi 5. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile iliyomo kwenye UPS ya kompyuta, ina wati-saa 84 kwenye karatasi; tumia nusu tu ili isife mapema, nayo itaendesha pampu ya hewa ya wati 4 kwa muda wa saa kumi. Hakuna kichujio kingine ninachokijua kinachoweza kuvuka usiku mzima kwa gharama ndogo hivyo. Kasoro zake ni mapovu kurusha matone ya chumvi, ambayo huganda kwenye kifuniko na kutambaa hadi kwenye soketi, na kwamba haiondoi kilichoyeyuka. Kwa tangi dogo la kumtenga samaki mgeni au mgonjwa, ndiyo kichujio pekee unachohitaji.

Halafu kuna sampu, tangi la pili lililofichwa chini ya la kwanza. Maji hushuka kwa uzito wake kutoka juu, hupita kwenye vyumba viwili vitatu, na pampu huyarudisha. Nilikwenda kutengenezewa stendi Katwe, hii ya Kampala ya mafundi, si ya ziwa. Fundi alitazama mchoro wangu muda mrefu.

“Ssebo, samaki wako watakaa juu. Hili la chini la nini?”

Nikamwambia juu ni sebule, chini ni jiko: kelele na uchafu hukaa huko ili mgeni asivione. Akacheka, akavuta futi yake, akapima tena, akanyamaza.

“Na umeme ukienda, maji ya sebuleni si yatashukia jikoni?”

Nimesoma miongozo kadhaa, na mara nyingi swali hilo huwekwa karibu na mwisho, kama jambo la kukumbushana tu. Yeye alilifikia kabla hajakata bomba la kwanza. Jibu ni hesabu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 45, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni lita nne. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha hugeuka mrija wa kunyonya kinyume, na maji huendelea kushuka mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa sentimita 8 chini ya uso wa maji, lita 32 zitashuka. Ukiwa sentimita 2, ni lita 8, na hizo sampu inazimudu ikiwa haijazwi zaidi ya theluthi mbili. Wengine hutoboa kitundu kwenye bomba, karibu na uso wa maji, kikate mnyonyo. Ni sawa, ila chumvi na mwani hukiziba, na kitundu kilichoziba ni sawa na kisichokuwepo. Siku ya kwanza chomoa pampu mwenyewe, mchana, ukiwa na dekio mkononi. Usingoje usiku ukujaribie.

Kwa kipimo chetu cha kukatika kwa umeme, sampu hufaulu: maji husimama, lakini hayajafungiwa, na bakteria hawakosi hewa upesi. Gharama yake ni nafasi, mabomba na fundi mwaminifu. Stendi ya chuma ipakwe rangi mara mbili na zaidi. Chumvi haina huruma, na tangi kama hili lenye mawe ndani hukaribia kilo 250.

Nilisema mawe hupanda juu ya orodha, na hilo halikuanzia Kampala. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika katika jarida moja la Marekani juu ya matangi yake yasiyo na kichujio chochote cha kununua: mawe kutoka kwenye mwamba wa bahari pamoja na viumbe vyake, mchanga, jua, na mapovu ya hewa. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakichimbia vichujio vyao chini ya changarawe, na wengi hawakumwelewa. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa Berlin, walio mbali na bahari kama sisi, waliyachukua mawe hayo wakaongeza skima, chombo cha mapovu nitakachokieleza hivi punde, na mpaka leo mtindo huo huitwa njia ya Berlin. Jiwe lenye vinyweleo hufanya kazi ambayo kauri ya mtungini haifanyi. Nje yake, penye oksijeni, amonia huliwa; ndani kabisa, pasipo oksijeni, hukaa bakteria wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi na kuitoa majini. Umeme ukikatika, jiwe liko katikati ya lita zote 180, halijafungiwa kwenye lita nne za kabati.

Mawe yapatikane wapi? Mwamba hai wenye matumbawe magumu uko chini ya mkataba wa CITES, na bila vibali vya nchi zote mbili utaachana nao Malaba. Wala sidhani ni haki kuuvunja mwamba wa Shimoni ili upambe sebule ya Bugolobi. Pwani ya Kenya hata hivyo imejaa mwamba mkavu wa kale, matumbawe yaliyokufa maelfu ya miaka iliyopita, yanayokatwa machimboni kuwa matofali ya kujengea nyumba. Vipande vyake vyenye matundu, kilo 15 hadi 20 kwa tangi hili, vilivyosuguliwa na kulowekwa wiki kadhaa, ni mwanzo mzuri. Anayefikiria mkato wa kuchukua mawe ya chokaa Tororo akumbuke kwamba milima ya Sukulu iliyo pale pale hutafutwa kwa ajili ya fosfati, na fosfati ni karamu ya mwani.

Skima inahitaji maelezo kidogo kwa sababu haifanani na kitu chochote cha maji baridi. Tazama wimbi likivunjika Nyali: povu lake jeupe hukawia. Katika maji ya chumvi mapovu madogo hayaungani upesi kuwa makubwa, na mabaki ya chakula na kamasi za samaki hupenda kujibandika kwenye ngozi ya povu. Skima ni bomba lililojaa mapovu ya namna hiyo, yakipanda na mzigo wao hadi kwenye kikombe kilicho juu. Baada ya siku mbili tatu kikombe huwa na maji ya rangi ya kahawa, na harufu ya soko la samaki jioni. Ukimwaga kikombe hicho, umetoa uchafu huo nje ya nyumba kabla haujawa amonia. Sponji na mtungi huunasa tu na kuuacha majini mpaka uoshe. Umeme ukikatika, povu huanguka na basi. Hakuna kinachoozea ndani yake kwa haraka.

Kwa Kampala skima ina faida ya ziada ambayo vitabu vya watu wa usawa wa bahari havina sababu ya kuitaja. Tuko takribani mita 1,200 juu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita Mombasa. Hapa hayafiki 6. Samaki aliyevuliwa kwenye mwamba wa Kilifi anakuja kuishi mlimani. Skima huvuta hewa mchana na usiku na kuichanganya na maji, na pampu ndogo ya mkondo ya wati 5 inayochafua uso wa maji husaidia kwa njia hiyohiyo. Hapa ndipo ningetumia fedha kabla ya kuzitumia kwenye taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu, ambayo kwa anayeanza ni pambo.

Kaboni amilifu kwenye kifuko, ibadilishwe kila mwezi, inatosha kung'arisha maji. Mkaa wa sigiri haufai. Haujaamilishwa, na majivu yake yatakuharibia maji.

Hesabu ya umeme humshangaza anayeanza, kwa sababu pampu si mlaji mkuu. Pampu ya kurudisha, skima, mkondo na hewa kwa pamoja ni kama wati 40, karibu uniti moja kwa siku. Lakini usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na samaki hawa wanataka 24 hadi 27. Hita ya wati 150 ikifanya kazi saa nane kati ya ishirini na nne hula uniti 1.2. Jumla ni kama uniti 66 kwa mwezi, na kwa shilingi 800 hadi 900 kwa uniti pamoja na kodi, ni kati ya shilingi 53,000 na 59,000. Mfugaji wa Dubai au Muscat hulipia mtambo wa kupoza. Sisi tunalipia joto, na blanketi juu ya vioo usiku wa giza halina bili.

Basi kwa tangi la lita 180 na samaki watatu au wanne, mimi ningenunua kwa mpangilio huu. Maji na chumvi sahihi, na kipimo cha chumvi kinachoaminika. Mawe. Pampu ya mkondo. Pampu ya hewa na betri yake. Skima iliyokadiriwa tangi kubwa kuliko langu. Sampu kama nafasi na mfuko vinaruhusu. Kama haviruhusu, skima ya kuning'inia ukingoni. Mtungi, hapana. Kisha mikono: lita 18 hadi 25 za maji mapya kila wiki mbili, na kila siku maji matupu yasiyo na chumvi kufidia yaliyovukizwa, kwa kuwa chumvi haivukizwi. Hata vitambaa na sponji za kunasa chembe ni kazi ya mikono. Zisipooshwa kila siku tatu nne hugeuka jalala.

Idadi ya samaki nayo ni sehemu ya kichujio. Wavuvi wenye leseni wa Shimoni, Kilifi na Mtwapa wamekuwa wakivua samaki wa mapambo kwa miongo mingi, na wengi wa samaki hao hupanda ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia, wakitupita juu ya vichwa. Yule ndugu wa Nemo wa pwani yetu, Amphiprion allardi, hula kidogo na hukaa pahali pamoja; jozi moja inatosha. Kangaja wa buluu, anayemfanya kila mtu asimame dukani, huogelea mchana kutwa na kula kutwa, na lita 180 kwake ni chumba cha mahabusu. Hakuna skima itakayorekebisha hilo.

Wiki sita za kwanza hazina samaki kabisa. Unatia kipande cha kamba mbichi kioze kati ya mawe, unapima amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti ikifuata, mpaka zote mbili zisome sifuri na nitrati pekee ndiyo ionekane. Wageni watakuuliza umefuga mawe tangu lini. Na siku kaveera, ule mfuko wa plastiki wenye samaki, litakaposhuka kutoka kwenye basi la usiku la Mombasa, vibali vya wizara inayosimamia uvuvi kule Entebbe vikiwa mkononi, kumbuka ile hesabu ya pH. Safari nzima samaki amepumulia kaboni dioksidi ndani ya kaveera, pH imeshuka, na amonia yake imelala bila madhara. Ukilifungua na kuliacha wazi huku ukidondoshea maji mapya saa nzima, pH inapanda na sumu inaamka. Muulize muuzaji mapema kiwango chake cha chumvi, yaandae maji yako yalingane nacho, liache kaveera lielee likiwa limefungwa dakika kumi na tano mpaka joto lilingane, mtoe samaki kwa wavu. Maji ya safari mwaga kwenye sinki.